Kuhama kutoka marisau ya risasi kwenda ya chuma: mwongozo kwa wawindaji wa kanga, kwale na bata kanda ya kati

Wakuu, msimu ukikaribia maswali ni yaleyale, bunduki gani inapiga mbali, katriji gani inaangusha kanga vizuri. Sawa. Ila karibu hamna anayeuliza kilichomo ndani ya katriji ni kitu gani na kinaishia wapi ukishapiga. Kinaishia kwenye tope, kwenye nyama ya nyumbani, na kwenye mwili wa yule ndege aliyepata jeraha akaondoka nalo. Kama ni madini ya risasi basi umeacha sumu sehemu zote tatu, na sisi wa Dodoma na Singida ambao maji yetu mengi ni mabwawa na mbuga zinazojaa masika na kukauka kiangazi, hili jambo linatugusa sana.

Tuelewane kidogo. Nikisema risasi humu namaanisha yale madini mazito ya kijivu, yaleyale ya kwenye betri ya gari na vizito vya nyavu. Kile unachoingiza kwenye bunduki nakiita katriji, na vidude vya mviringo vinavyotoka ndani yake ni punje, au marisau kama wazee wanavyosema. Na yote haya namwandikia mtu mwenye leseni ya silaha na kibali cha TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kinachotaja ndege gani, wangapi na eneo gani. Kama hauna, anzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya yako, huku kwingine kote kutasubiri.

Kwa nini risasi ni tatizo. Ndege hana meno, anasaga chakula kwenye firigisi kwa kutumia vijiwe anavyovimeza makusudi. Kanga, kwale, njiwa na bata wote wako hivo. Sasa bata anapochuja tope kutafuta mbegu, au kanga anapoparua chini ya mgunga, punje ya risasi kwake ni kijiwe kizuri tu, anameza. Firigisi inaisaga, tindikali ya tumboni inaiyeyusha, madini yanaingia kwenye damu. Punje moja inaweza kumuua bata, na hafi siku hiyohiyo, anadhoofika taratibu kwa wiki kadhaa, misuli ya kifua inaisha mpaka mfupa unachomoza kama kisu, mabawa yanalegea, mavi yanakuwa ya kijani, hawezi kuruka. Ukikuta ndege wa namna hiyo kando ya Hombolo au Mtera usimchukue kwa furaha kwamba leo nimeokota kitoweo, usimle kabisa, mtaarifu afisa wanyamapori.

Halafu wapo wanaokula waliokufa au waliojeruhiwa, yaani tai, mwewe na tumbusi. Tumbusi mgongo-mweupe tayari yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini mno kutoweka duniani, na Botswana watafiti waliwapima damu wakakuta kiwango cha risasi kinapanda msimu wa uwindaji. Sisi tuna Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi, Kizigo na Rungwa zote zimetuzunguka, tumbusi hawajui mpaka wa pori la akiba unaishia wapi.

Na binadamu je? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chakula kilekile, na inamharibu ubongo unaokua. Kwa mama, risasi inajificha kwenye mifupa miaka mingi afu akipata mimba inatoka inarudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo wale tunaosema mbona babu alikula kanga wa kupigwa mpaka akafika miaka themanini, babu alikuwa mtu mzima, swali ni sahani za wajukuu.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe.

Aina za punje mbadala kwa mwindaji wa kawaida ni tatu. Ya kwanza chuma, kwenye boksi imeandikwa "Steel". Ni chuma laini kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ndio rahisi kuliko zote na ndio mwongozo huu mwingi unaihusu. Ya pili ni bismuthi, nzito kuliko chuma na laini, haiumizi mtutu wa zamani, ila bei yake inauma. Ya tatu ni tangsteni, hiyo nyingine ni nzito kupita hata risasi yenyewe, gharama yake sio ya kuwindia kwale. Kuna mtu atakuuzia wazo la zinki, achana naye, zinki nayo inaua ndege.

Tofauti kubwa ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi safi ina gramu 11.3, bismuthi ya katriji inakaribia 9.6, chuma 7.8 tu. Punje nyepesi inapoteza mwendo haraka hewani na inafika kwa ndege ikiwa na nguvu kidogo. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wananunua chuma namba ileile waliyozoea kwenye risasi, wanapiga umbali uleule, kanga anaondoka na majeraha, wanarudi wanasema chuma hakiui. Chuma kinaua. Marekani walikataza risasi kwa bata nchi nzima mwaka 1991 na mpaka leo wanapiga bata, Denmark waliacha risasi kwa uwindaji wote tangu 1996 na wawindaji wapo. Huko Texas walifanya jaribio kwa njiwa, wapigaji hawakuambiwa wanapiga chuma au risasi, na matokeo ya ndege walioanguka hayakutofautiana. Kinachotakiwa ni kubadili vitu vitatu kwa pamoja, ukubwa wa punje, choki (yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia punje zisitawanyike), na umbali.

Kabla ya hivyo vitatu, kagua bunduki. Hii usiruke. Fungua mtutu, soma maandishi ya ubavuni. Ukikuta 70 (milimita) au 2¾ (inchi) hiyo ndio urefu wa chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa katriji, ukikuta 76 au 3 inachukua katriji ndefu zaidi. Katriji ya 76 usiipige kwenye chemba ya 70 hata kama inaonekana imekaa vizuri, ikifunguka ndani inakosa nafasi na presha inapanda hatari. Baadhi ya bunduki za Ulaya zina alama ndogo ya ua la lili, hiyo maana yake zimepimwa kwa katriji za chuma zenye nguvu kubwa. Kama hakuna alama, tumia katriji za chuma za kawaida tu, sio zile zilizoandikwa nguvu kubwa. Na kama ni bunduki ya babu, mitutu miwili, kuta nyembamba, au ile mitutu yenye michoro ya mawimbi ya vyuma vilivyosokotwa, usiipige chuma kabisa, punje za chuma ni ngumu na hazibonyei zikipita kwenye choki, zinaweza kuvimbisha mtutu. Hiyo ni ya bismuthi, na iwe tu fundi silaha mwenye leseni amesema mtutu bado mzima. Kama hauna uhakika mpelekee fundi, usisikilize mtu wa kijiweni, mi mwenyewe hapa siwezi kuiona bunduki yako.

Kingine, wengine wanadhani chuma ni chuma, kwa hiyo goroli za beringi nazo zitafaa. Hapana jamani. Goroli ya beringi imekaushwa kwa moto mpaka ikawa ngumu kama patasi, itachana mtutu. Na katriji ya chuma ina kikombe kinene cha plastiki ndani kinachozuia punje zisiguse ukuta wa mtutu, pamoja na baruti iliyopimwa kwa uzito huo. Ukifungua katriji ya risasi ukamwaga punje ukaweka za chuma umetengeneza bomu la mkononi kwako.

Sasa ukubwa. Kanuni ni kuongeza ukubwa wa punje kwa namba mbili, na kumbuka namba ikipungua punje inakuwa kubwa. Uliyekuwa unapiga risasi namba 6 kwa kanga, chukua chuma namba 4. Uliyekuwa unapiga namba 5, chukua 3. Kwa bata bukini na ndege wakubwa ambao ulikuwa unatumia risasi 4, chukua chuma 2. Kwa kwale na njiwa wa karibu ambao watu hutumia 7½, chuma 6 inatosha. Ukipiga hesabu utaona sababu: punje ya risasi namba 6 ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 2.8 na uzito wa kama gramu 0.13, chuma namba 4 ina milimita 3.3 na inakaribia gramu 0.15, kwa hiyo umerudisha uzito uliopotea na kidogo cha ziada kufidia kasi inayopungua haraka.

Hapa kuna mtego. Namba za Kimarekani na za Kiingereza hazilingani. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, namba 5 yao ndio 2.8. Katriji zinazofika huku zinatoka nchi tofautitofauti, kwa hiyo usinunue kwa namba, soma milimita kwenye boksi. Kwa kanga nataka chuma cha milimita 3.3, iwe imeandikwa namba 4 au namba 3 sijali.

Hasara ni kwamba punje kubwa zinakuwa chache, lakini sio kama watu wanavyoogopa, maana chuma ni nyepesi. Gramu 32 za risasi namba 6 ni punje kama 250, gramu 32 za chuma namba 4 ni kama 215.

Choki. Risasi ni laini, punje zikisukumwa ndani ya mtutu zinabonyea, zile zilizobonyea zinapepea pembeni, ndio maana watu wakazoea ful choki ili zisitawanyike. Chuma hazibonyei, zinaenda zimeshikana zenyewe. Ukiweka ful choki na chuma unapata vitu viwili vibaya, mtutu unaumia hasa kwa punje kubwa, na mpigo unakuwa mwembamba kiasi kwamba unamkosa ndege au unamsaga. Hafu choki mwisho, na kwa umbali wa kwale robo choki inatosha kabisa. Bunduki nyingi za Kiitaliano zinaonyesha choki kwa nyota kwenye mtutu, nyota moja ni ful, tatu ni hafu, nne ni robo. Kama mtutu wako ni ful ya kudumu isiyofunguka, basi bismuthi, au mpelekee fundi akupanulie, kazi hiyo inafanyika.

Jaribu kabla ya kuwinda, tena jaribu kwenye eneo halali, ukiwa na askari wanyamapori au kwenye uwanja wa shabaha, usiende nyuma ya shamba Kizota ukaanza kufyatua, utaelezea polisi. Chukua mifuko ya saruji, ichane iwe wazi, gundisha mpaka upate karatasi yenye upana wa kama mita moja na nusu kila upande, weka alama katikati. Rudi nyuma mita 30 ulizopima kwa kamba. Piga moja tu. Nenda chora duara la sentimita 75 kuzunguka pale mashimo yalipokusanyika zaidi, kisha hesabu yaliyo ndani. Karatasi mpya kila mpigo, angalau tatu kwa kila aina ya katriji, kwa sababu mpigo mmoja unaweza kukudanganya. Kwa kanga mimi nataka mashimo yasipungue 100, na zaidi ya idadi naangalia kama kuna uwazi wa ukubwa wa kanga mzima ndani ya duara usio na shimo hata moja. Ukiuona uwazi kwenye mita 30, sogea mita 25 ujaribu tena, na umbali utakaokuridhisha huo ndio umbali wako wa kuwinda. Sio wa jirani yako.

Umbali ndio sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu macho ya nyika yanadanganya. Kwenye eneo la wazi kama Bahi bata aliye mita 50 anaonekana yuko hapo tu. Mita 33 ni kama maboksi mawili ya penalti ya uwanja wa mpira ukiyapanga mbele na nyuma, na hapo ndipo mwisho wa chuma kwa mtu wa kawaida. Ukifika eneo lako la kuwindia kabla ndege hawajaja tembea hatua, chagua kichaka au jiwe kila upande, sema mwenyewe ndege akiwa nje ya lile jiwe sipigi. Kanga wa huku anakimbia kwanza, anaruka akibanwa, na vishawishi vya kumpiga akiwa mita 45 anakimbia ni vikubwa, muache. Na usipige kundi likiwa limejikusanya chini hata kama ni karibu, mmoja anaanguka na wengine wanne wanaondoka na punje mwilini, hao ndio chakula cha tai kesho.

Tena kwa chuma kuna jambo la mawe. Risasi ikigonga jiwe inabonyea inatulia, chuma inaruka kurudi. Dodoma imejaa mawe ya granaiti, kwa hiyo usipige chini kuelekea mwamba, hakikisha wenzako wanajulikana walipo, na vaeni miwani ya kulinda macho nyote, pamoja na yule kijana wa kuokota ndege.

Nije kwenye bata peke yake, kwa sababu hapa ndipo ningependa tuanze hata kama hautabadili kingine chochote. Mbuga ya Bahi, Hombolo, Mtera, Kitangiri, Singidani, hayo yote ni maji ya kina kifupi sehemu nyingi, na ndege wanakula kwenye tope. Punje ya risasi haiozi haraka, inakaa miongo na miongo, na maji yakipungua kiangazi ndege wote wanabanana kwenye kipande kidogo cha tope ambacho ndicho kilichopigiwa zaidi. Baadhi ya bata hao wamekuja kutoka Ulaya na Asia kukaa kwetu wakati wa baridi ya kwao. Tanzania ni mwanachama wa AEWA, mkataba wa ndege maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia ulioanza kufanya kazi 1999, na mpango kazi wake unataka nchi ziondoe punje za risasi kwenye ardhi oevu. Umoja wa Ulaya nao umekataza risasi kwenye ardhi oevu na mita 100 kuzizunguka tangu tarehe 15 Februari 2023. Ndege ni walewale, njia ni ileile, sasa wakilindwa kule wakaja kumeza sumu Bahi tumefanya nini. Na Bahi watu wanalima mpunga na kuvua samaki palepale.

Jikoni. Kama ndege amepigwa risasi, au haujui alipigwa nini, fanya hivi. Nyonyoa, kisha mpapase na mwangalie kwenye mwanga, kila shimo fuata njia yake kwa kisu, mara nyingi punje huvuta manyoya ndani kwa hiyo ukiona unyoya umezama kwenye nyama fuata huo. Kata nyama yote iliyovilia damu kuzunguka shimo na uifukie, usimpe mbwa wala kuku. Kutoa punje tu hakutoshi maana risasi inapogonga mfupa inamegeka vipande vidogo sana ambavyo jicho halioni. Na usiloweke kwenye ndimu, siki au ukwaju. Najua kanga mkavu wa Kigogo bila ukwaju anakuwa mgumu, ila asidi inayeyusha risasi iliyobaki na kuisambaza kwenye mchuzi mzima, na mchuzi ndio wanaopewa watoto na ugali wa uwele. Weka ndimu mezani mwishoni. Wajawazito na watoto wadogo, ndege wa risasi wasile kabisa, wapikieni kuku.

Ndege wa chuma ni rahisi zaidi, pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya vipande vya nyama polepole, punje zilizo juujuu zitavutwa, zile za ndani tafuta kwa vidole, na waambie walaji watafune taratibu kwa sababu chuma inavunja jino.

Pasua na firigisi. Ukikuta punje ndani, angalia ukuta wa firigisi kama una tundu. Kama lipo, umeipiga wewe. Kama ukuta ni mzima na punje imesagika imekuwa bapa inang'aa, huyo aliimeza, na eneo hilo lina risasi nyingi chini kuliko unavyofikiri, waambie wanaowinda hapo.

Wenye magobole wanaoyeyusha betri za gari uani ili kupata punje, hili nalisema kwa uchungu. Moshi na vumbi la ile kazi ni sumu kuliko nyama ya kanga mia, inabaki kwenye udongo wa uani ambapo watoto wanacheza na kuku wanaparua, kwenye nguo, kwenye sufuria ambalo kesho linapikiwa maharage. Acheni. Na kama kuna nyumba imeshafanya hivo, watoto wapelekwe hospitali na daktari aambiwe wazi kuwa betri ziliyeyushwa nyumbani, akikaa bila kuambiwa atatibu maumivu ya tumbo tu.

Kuhusu kununua. Chuma haijajaa kwenye maduka ya silaha kama risasi ilivyojaa, kwa hiyo nenda kwa muuzaji mwenye leseni miezi kadhaa kabla, mwambie geji yako (kipimo cha upana wa mtutu), urefu wa chemba, milimita za punje na gramu, aagize. Mkienda wanne watano mkataka kitu kimoja anasikiliza zaidi kuliko ukienda peke yako. Ukipata, kagua boksi halijalowa, chuma inashika kutu, punje zikigandana zikatoka kama bonge moja ni hatari kwa mtutu. Weka mahali pakavu, palipofungwa kwa kufuli kama sheria ya silaha inavyotaka. Maganda na vikombe vya plastiki viokote, mbuzi wanatafuna plastiki. Katriji za risasi zilizobaki usizichanganye na za chuma kwenye mfuko mmoja, zitenge kwenye boksi lake na uandike kwa kalamu kubwa, afu zibaki nyumbani siku unayokwenda majini.